Kelele zinazoishia dirishani kwangu

Ninafanya kazi kwenye dirisha la bima, katika kituo cha afya cha binafsi huku Mbagala. Mgonjwa akija na kadi, mimi ndiye wa kwanza kumpokea, na mambo yakienda kombo ndiye wa kwanza kutukanwa. Nachukua kadi, naingiza namba kwenye mfumo, nasubiri. Mfumo ukikubali napata namba ya idhini, naijaza kwenye fomu ya madai, mgonjwa anaweka sahihi, anakwenda kukaa kwenye benchi la daktari. Mfumo ukikataa, inanibidi nimtazame mtu usoni nimwambie kadi yake haisomi. Hii ni kazi yangu kwa miaka kumi na moja sasa.

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia kutoka Columbus, Ohio. Aliulizia presha ya mama, akauliza kama mvua imeharibu njia ya kwetu Chamazi, halafu akaingia kwenye jambo lililompigisha simu. Sheria aliyoisaini Rais Trump tarehe 4 Julai 2025 inasema kwamba kuanzia 2027, watu wazima wengi wanaotibiwa kwa bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, inayoitwa Medicaid, wale walioingizwa wakati ilipopanuliwa, watatakiwa kuthibitisha kwamba wanafanya kazi, au wanasoma, au wanajitolea, saa zisizopungua 80 kila mwezi. Wagonjwa wa maradhi mazito wana msamaha, lakini msamaha nao una fomu zake. Dada anafanya kazi zaidi ya saa hizo. Anachoogopa ni karatasi. Mwezi atakaolazwa, nani ataandika barua, nani ataipokea, na nani ataipoteza?

"Mdogo wangu," akasema, "wamerudi tena."

Hilo "tena" ndilo limenikalisha hapa usiku huu kuandika. Mara ya kwanza ilikuwa 2017, chama cha Republican, chama cha Trump, kilipotaka kuifuta sheria ya bima ya Obama, na niliifuata vita hiyo siku kwa siku kupitia simu yake.

Nianze nyumbani. Kwetu tulizaliwa wanne, wawili wakiwa na sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi: dada yangu mkubwa na mdogo wetu wa mwisho. Mdogo wetu alifariki 1998 akiwa na miaka tisa. Tangu enzi za Mwalimu, hospitali za serikali zilikuwa zinatibu bure. Ikafika 1993 tukaanza kuchangia gharama. Baba alikuwa fundi seremala Keko. Usiku ule mtoto alikuwa amevimba mikono na analia kwa maumivu ya mifupa, na dirishani wakataja hela ya vipimo na dawa ambayo baba hakuwa nayo. Akatoka kwa miguu kwenda kumgongea tajiri wake. Alirudi alfajiri na hela mkononi. Hospitali siitaji, na yule dada aliyekuwa dirishani sina kinyongo naye. Leo nimekaa kwenye kiti kama chake.

Mama alitufundisha kuficha. Mtu akiuliza mwanao anaumwa nini, jibu lilikuwa malaria. Malaria haina aibu, kila mtu anaugua malaria. Sikoseli ilikuwa na maneno yake: wengine walisema tumerogwa, wengine kwamba familia ina damu mbovu, na mabinti wa nyumba hiyo wasiolewe. Dada alisoma shule nzima, mpaka kidato cha nne, akiwa mtu wa "malaria sugu".

Mwaka 2008 akapata Green Card kwa ile bahati nasibu ya viza. Mama alilia kwa hofu, kwa sababu baridi ndiyo inayowaamsha watu wa sikoseli maumivu, na huko anakokwenda kuna barafu. Dada alikwenda. Akapata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku, analipwa kwa saa, bila bima ya mwajiri. Mwaka 2011 alijaribu kununua bima binafsi. Fomu ikamuuliza maradhi aliyonayo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaandika ukweli. Wakamkataa. Haikuwa kosa kisheria wakati huo. Kampuni ya bima katika majimbo mengi iliweza kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa alionao tayari. Baridi ya mwaka uliofuata akalazwa siku nne, akatoka na bili ya dola 23,000. Akakubaliana nao awe analipa dola 50 kwa mwezi. Nilipiga hesabu kwenye kikokotoo cha kazini: miaka 38.

Sheria iliyombadilishia maisha, ile wanayoiita Obamacare, ilikuwa imeshasainiwa, ila yeye hakuijua. Obama aliisaini tarehe 23 Machi 2010, baada ya kupita kwenye Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212, bila kura hata moja ya Republican. Mambo makubwa yaliyomgusa dada yangu yalikuwa yaanze 2014. La kwanza, kampuni zisimkatae mtu kwa ugonjwa wake wala kumtoza zaidi. La pili, Medicaid ipanuliwe ichukue watu wazima wa kipato cha chini waliokuwa wameachwa nje. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano kwa nne, iliiacha sheria ikiwa hai, lakini ikasema kila jimbo liamue lenyewe kama litapanua Medicaid au la. Ohio ilikuwa chini ya gavana wa Republican, John Kasich, chama kilekile kilichoapa kuing'oa sheria. Kasich akaukubali upanuzi. Dada alikuwa na watoto wawili, na kipato chake kilikuwa ndani ya kiwango, ambacho kwa kaya ya watu watatu kilifika 2017 kama dola 28,000 kwa mwaka. Ile miaka mitano ambayo mwenye Green Card husubirishwa kabla ya kuingia Medicaid alikuwa ameimaliza. Mapema 2014 alinitumia picha ya kadi. Mama alitaka nimsomee yote iliyoandikwa, mpaka namba.

Rafiki yake wa Houston, walioondoka Dar mwaka mmoja, hakupata kitu. Texas ilikataa kupanua. Na ruzuku ya kununua bima kwenye soko la bima lililoanzishwa na sheria hiyo ilianzia juu ya mstari wa umaskini, kwa sababu sheria ilidhani walio chini yake watachukuliwa na Medicaid. Kwa hiyo huyo dada alikuwa maskini mno kupewa ruzuku. Hebu lisome tena hilo.

Siwezi kuieleza sheria ile kama malaika. Obama aliwaahidi watu kwamba mwenye bima anayoipenda ataendelea nayo, na mwishoni mwa 2013 mamilioni wakapokea barua za kufutiwa bima zao. Kwa mwaka 2017 bei kwenye soko la serikali kuu ilipanda kwa wastani wa asilimia 25. Waliokuwa na ruzuku hawakuisikia sana, ila aliyekuwa na kipato cha juu kidogo ya kikomo cha ruzuku aliibeba yote. Mfanyakazi mwenzake dada, ambaye mumewe alikuwa na kibiashara cha kukata majani, alilipa kwa mwezi zaidi ya kodi ya nyumba. Hasira ya mtu kama huyo siidharau. Nimeiona hapa dirishani, na huwa na haki ndani yake.

Sasa vita yenyewe. Tangu Republican walipolichukua Baraza la Wawakilishi mwaka 2011, walipiga kura zaidi ya mara 50 kuifuta sheria yote au vipande vyake. Zilikuwa kura rahisi. Obama alikuwa amekaa na kalamu, na Januari 2016 muswada wa kufuta ulipomfikia mezani aliukataa. Mbunge aliweza kurudi jimboni akasema nimepigana, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepoteza kadi kwa sababu ya kura yake. Januari 2017 Trump akaingia. Kuanzia hapo kura ingeweza kumuua mtu.

Tarehe 24 Machi muswada wao uliondolewa kabla ya kupigiwa kura kwa sababu hawakutosha. Wakaurekebisha, na tarehe 4 Mei ukapita kwa kura 217 dhidi ya 213. Ofisi ya bajeti ya Bunge lao, ambayo haina chama, ilikadiria kwamba ifikapo 2026 watu milioni 23 zaidi wangekuwa hawana bima kuliko kama sheria ingeachwa. Siku ileile ya kura wabunge walikwenda bustani ya Ikulu wakasimama nyuma ya Trump wakipiga makofi. Dada alinitumia picha ile bila neno lolote chini yake.

Kwa nini ilikuwa vigumu kwao kutengeneza mbadala? Hili nililielewa haraka kuliko dada, kwa sababu niko kwenye bima, na kwa sababu mtaani kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana. Tuko kaya 42, kila kaya inatoa 3,000 kwa mwezi. Kila mtu anapenda chama siku ya msiba wake: maturubai yapo, viti vipo, sanda imenunuliwa, wali unapikwa. Hakuna anayependa tarehe tano ya mwezi mtunza hazina anapopita. Mwaka mmoja mjumbe mmoja alipendekeza mtu aruhusiwe kujiunga hata mgonjwa wake akiwa ameshafikishwa mahututi. Mtunza hazina, mama mtu mzima anayeuza mihogo, akamuuliza: basi sisi wengine tunatoa za nini miezi yote? Mkutano ukaishia hapo.

Sheria ya Obama ilikuwa na tarehe tano yake. Mtu asiyejiunga alilipa faini kwenye kodi, ili wazima waingie pamoja na wagonjwa. Ukimwambia mtu kwamba asikataliwe kwa ugonjwa wake, anashangilia, awe wa chama gani. Ukimwambia kwamba kwa hiyo na yeye mzima lazima achangie, anakuita dikteta. Republican waliahidi kuondoa hilo la pili na kuacha la kwanza. Yule mama wa mihogo angewaambia.

Lakini sikutaka kuandika juu ya hesabu. Nilitaka kuandika juu ya sauti.

Miezi ile ya mwanzo wa 2017 wabunge walikuta mikutano yao ya jimboni imefurika. Watu walisimama kwenye maikrofoni wakataja maradhi yao. Saratani ya titi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Kisukari tangu utotoni. Tarehe 22 Juni watu wenye ulemavu, wengi kwenye viti vya magurudumu, walikwenda mpaka nje ya ofisi ya Mitch McConnell, kiongozi wa Republican kwenye Seneti, wakajilaza sakafuni. Polisi waliwakamata watu 43, wengine wakibebwa mikono na miguu. Dada alinitumia video. Niliitazama nikiwa kwenye daladala, Barabara ya Kilwa, na abiria wa pembeni akachungulia akauliza, "Hao wamefanya nini?" Nikamwambia wanataka bima yao isiguswe. Akasema, "Na wanabebwa hivyo?" Akanyamaza mpaka Rangi Tatu.

Ilikuwa baada ya video hiyo dada akaamua kupiga simu ofisini kwa seneta wake, Rob Portman. Kikundi cha wagonjwa kilikuwa kimesambaza maelekezo: sema jina lako, sema msimbo wa posta ili wajue u mtu wa jimbo lao, taja ugonjwa wako, sema unachotaka, yote kwa sentensi tatu nne. Mara ya kwanza simu ilipokelewa akakata. Nilimwelewa kabisa. Huyu ni mtu wa malaria sugu. Kazini kwake hawakujua, na hata mchumba aliyekuwa naye alijua baada ya mwaka. Mara ya pili akapokea kijana mwenye adabu, akamuuliza msimbo wa posta, kisha akamuuliza ugonjwa. Dada akautaja. Kijana akamwomba amtajie herufi moja moja aandike vizuri. Dada anasema alipokuwa anazitaja herufi zile, amekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, alijisikia kama anavua nguo iliyokuwa inambana tangu shule ya msingi. Baada ya hapo alipiga kila siku ya kazi kwa wiki tatu. Kijana akawa anamtambua kwa sauti.

Tarehe 25 Julai Seneti ilipiga kura ya kufungua mjadala, ikawa 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Mike Pence akaongeza ya 51. Miongoni mwa walioufungua mlango huo alikuwa John McCain wa Arizona, mzee wa miaka 80, aliyekuwa ametangaziwa saratani ya ubongo siku chache tu kabla, akaja na kovu bichi juu ya jicho la kushoto. Dada alikasirika mpaka akashindwa kulala mchana. Mtu anatoka kutibiwa na bima nzuri ya Bunge, anakuja kufungua mlango wa kuwanyang'anya wengine! Nami nilisema hivyohivyo.

Ijumaa, tarehe 28. Washington ilikuwa saa saba na nusu usiku. Kwetu saa mbili na nusu asubuhi, foleni yangu imefika mlangoni. Simu ikatetemeka mfukoni, tena, tena. Nikamaliza mama mjamzito na babu mwenye rufaa, nikaomba dakika mbili, nikaingia stoo ya dawa. Sauti ya dada ilikuwa ya chini, maana alikuwa zamu, kwenye ukumbi wa televisheni ambako wazee wawili wasiopata usingizi walikuwa wamekaa naye.

"Mdogo wangu! Yule mzee! Kanyoosha mkono, kashusha kidole gumba chini, kasema hapana! Imeanguka!"

Nyuma yake nikasikia kikongwe kikiuliza kwa Kiingereza kuna nini.

Ulikuwa muswada mwembamba, kile walichokusanya baada ya miswada miwili mikubwa kuanguka siku chache zilizotangulia. Ulianguka kwa kura 49 dhidi ya 51. Republican walikuwa 52, na kwa kura ya Pence wangeweza kupoteza wawili tu. Walipoteza watatu. Dunia nzima ilimzungumza McCain na kidole chake, na mimi nampa heshima yake, Mungu amrehemu, alifariki mwaka uliofuata. Lakini wawili wengine walikuwa wanawake, Susan Collins wa Maine na Lisa Murkowski wa Alaska, ambao walikuwa wamekataa hata siku ile ya kufungua mjadala, wakati McCain alikubali. Wao walivumilia presha tangu mwanzo mpaka mwisho. Sijui kwa nini kidole kimoja cha mwanaume kinakumbukwa kuliko hapana mbili za wanawake zilizosemwa mapema na hazikubadilika. Kwa kweli najua.

Portman alipiga ndiyo. Jioni nilimuuliza dada, "Kwa hiyo simu zako zote zile hazikufaa kitu?" Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Alipiga ndiyo huku jina la ugonjwa wangu limeandikwa ofisini kwake. Kabla ya hapo angepiga bila kujua kwamba nipo."

Vita haikuishia pale. Desemba ileile ya 2017 waliishusha ile faini mpaka sifuri kupitia sheria ya kodi, kuanzia 2019, kwa hiyo tarehe tano ikafutwa lakini chama kikabaki. Majimbo kadhaa yakaenda mahakamani yakidai sheria nzima sasa ni batili, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikawakatalia kwa kura saba kwa mbili. Na sasa hizi saa 80.

Haya, nirudi dirishani.

Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha mzazi kumsajili mtoto mmojammoja kwenye Toto Afya Kadi. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kwa hela hiyo mtoto alitibiwa mpaka hospitali ya rufaa. Ikaelezwa kwamba watoto wasajiliwe kwa makundi kupitia shule, au waingie kwenye vifurushi vya wazazi wao. Waliokuwa na kadi waliambiwa waendelee mpaka muda wake uishe. Sababu iliyotolewa ni ileile ya mama wa mihogo: wazazi wengi walikuwa wanaleta mtoto akiwa tayari mgonjwa, na mfuko ulikuwa unalipa kuliko unavyokusanya. Naikubali hesabu hiyo, nimejaza fomu zake kwa mikono yangu. Najua watoto wa kadi hiyo waliokuja kila wiki. Najua pia walikuja kwa sababu gani.

Zile wiki nilitukanwa kila siku. Mwanaume mmoja alinitupia kadi usoni. Mama mmoja aliniambia Mungu atanilipa kwa watoto wangu. Sikumjibu, nikaenda nyuma nikalia, nikarudi. Na nilipokuwa narudi kitini ndipo nilipomkumbuka yule kijana wa ofisi ya Portman anayeomba atajiwe herufi. Kelele zile zote, zenye haki kabisa, zilikuwa zinaishia kwangu. Mtu anatoka Kongowe na mtoto mgongoni, anamwaga uchungu wake wote mbele ya mtu ambaye hawezi kubadili hata nukta kwenye mfumo, anaondoka akiwa amechoka. Magazeti yaliandika, ndiyo. Lakini nilianza kuwauliza waliosimama mbele yangu: umemwambia mbunge wako? Umemwambia diwani? Wengine walicheka. Mmoja aliniuliza, "Nikamwambie nini, kwamba mwanangu ana nini?"

Kumbe hilo ndilo. Kusema bima imepanda kila mtu anaweza. Kusema mwanangu ana sikoseli na bila kadi hii hafiki shule, hilo linabaki ndani.

Nasema hivi nikijua kelele zikifika huwa zinafanya kazi hata kwetu. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipopelekwa Bungeni 2022, zilitajwa 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja, na ukafunga bima na mambo kama leseni ya udereva, leseni ya biashara na hati ya kusafiria. Vijana wa bodaboda hapa nje walikuwa hawana mazungumzo mengine. Mimi nilikuwa upande wa ulazima, na bado nipo, kwa sababu ya mambo niliyoyaona. Ila wao walikuwa na hoja: Marekani faini ilipitia kwenye kodi ya mtu mwenye hati ya mshahara, hapa mtu anaingiza hela kwa siku, na kuna siku haingizi. Wabunge wakalibeba hilo, muswada ukaahirishwa, ukarekebishwa, ukapita Novemba 2023. Hoja ya leseni ilifika Dodoma kwa sababu haina aibu. Ugonjwa wa mtoto ulibaki Mbagala.

Juni 2023 alikuja mama mmoja, binti tu, hata miaka 25 hakufika, na mtoto wa miaka mitatu. Sikoseli. Kadi ilikuwa imebakiza siku sita. Shule mtoto hajaanza, kwa hiyo njia ya shule hakuna. Kifurushi cha mzazi cha bei ya chini kilikuwa 192,000 kwa mtu mzima peke yake, kabla hujamweka mtoto, na yeye anauza vitafunwa asubuhi kituoni. Hakunitukana. Alisimama tu. Akaniuliza, "Kwa hiyo anti, siku ya saba nifanyeje?"

Ilikuwa karibu saa kumi, foleni imeisha. Nikatoa karatasi mbili nyeupe chini ya meza na kalamu, nikamvutia kiti upande wangu wa dirisha. Nikamwambia tunamwandikia mbunge wako. Akasema hajui kuandika barua za kiofisi. Nikamwambia hii si ya kiofisi, tuandike kama unavyoongea. Nikampa zile sentensi za dada: wewe nani, unakaa wapi, mtoto anaumwa nini, unataka nini.

Akaandika jina lake. Akaandika mtaa na kata. Akaandika, "Nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitatu." Hapo kalamu ikasimama. Mtoto alikuwa anachezea muhuri wangu, amejigonga tarehe ya siku ile mkononi.

"Anti," akasema, "na jina la ugonjwa niandike?"

"Andika."

"Lote?"

Nikamtajia herufi moja moja.